Simu, Ubongo na Daftari la Wagonjwa

Kwa wiki tatu sasa sauti ya mwanamume mmoja imekuwa ikizunguka katika makundi ya WhatsApp. Anajitambulisha kuwa ni daktari, hasemi wa hospitali gani, na anadai kwamba simu ya mkononi huuchemsha ubongo taratibu kama maharage juu ya jiko la mkaa, hata uvimbe ukaota humo. Nimeletewa sauti hiyo na mwalimu mkuu mstaafu, na mchungaji mmoja, na wanafunzi wangu wawili wa shahada ya umahiri, na mwishowe na dada yangu mkubwa, ambaye chini yake aliandika maneno matatu tu: "Si mnaona sasa?"

Wengine niliwajibu kwa sentensi mbili. Dada yangu sikuweza kumjibu hivyo, maana maneno yake yalikuwa yanamlenga mtu. Kaka yetu wa kwanza alifariki mwaka 2017 kwa uvimbe wa ubongo wa aina iitwayo glioma. Alikuwa dalali wa viazi na mbao pale Makambako, mtu wa simu mbili, na simu ya pili alinunuliwa na mkewe kwa fedha za mgao wa kikoba. Tangu matanga wapo ndugu wanaosema kwamba shemeji alimnunulia mumewe kifo. Hawasemi mbele yake. Lakini shamba la miti aliloliacha marehemu bado linazungumzwa katika vikao vya ukoo, na kila linapozungumzwa swali la simu huingizwa kama ushahidi. Kwa hiyo jambo ambalo kwa wengine ni la udadisi, kwetu lina mjane na ekari nane ndani yake.

Naomba nieleweke: mimi si daktari wa tiba. Shahada yangu ya uzamivu ni ya demografia, elimu ya kuhesabu watu, kuzaliwa kwao na kufa kwao. (Kijijini tofauti hiyo haijulikani, nimekwisha kuombwa dawa ya mgongo mara kadhaa.) Hata hivyo, swali la simu na uvimbe wa ubongo, likichunguzwa kwa makini, ni swali la kuhesabu kabla ya kuwa swali la tiba, na ndiyo maana nathubutu kulishika.

Fizikia yake ni fupi. Neno "mionzi" limetutisha kupita kiasi kwa sababu tunalitumia kwa vitu visivyofanana. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu na hivyo kuharibu vinasaba vya seli. Mawimbi ya redio yanayotumiwa na simu hayana nguvu hiyo: nishati inayobebwa na kila chembe yake haifiki hata sehemu moja ya laki moja ya ile inayohitajika kufanya uharibifu wa namna hiyo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mawimbi hayo hupasha joto kidogo sehemu ya mwili iliyo karibu na simu. Jambo hili linapunguza uwezekano wa madhara, lakini halifungi mjadala. Viko vitu vingi vinavyosababisha saratani bila kufanana na eksirei, moshi wa sigara ukiwa wa kwanza. Ilibidi watu wachunguzwe.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Huwezi kuwakusanya watu elfu kumi, ukawaamuru nusu yao wazungumze kwa simu miaka ishirini na nusu wasiiguse kabisa. Njia ya haraka ni kuanzia mwisho: unawatafuta wagonjwa wenye uvimbe, unawatafutia wenzao wa umri, jinsia na eneo lilelile wasio na uvimbe, kisha unawauliza wote walivyotumia simu katika maisha yao. Utafiti mkubwa kuliko yote wa namna hiyo uliitwa Interphone. Uliendeshwa katika nchi 13 chini ya uratibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa. Ulikusanya wagonjwa wa glioma 2,708 na wa meninjioma 2,409, watu wa umri wa miaka 30 hadi 59, na matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2010.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa polepole, kwa sababu kila upande wa ubishi umejikatia kipande unachokipenda. Kwa jumla, watu waliotumia simu mara kwa mara walionekana kuwa na uwezekano wa kupata glioma uliopungua kwa asilimia 19 wakilinganishwa na wasiotumia. Yaani simu ilionekana kuwa kinga! Hakuna mtafiti makini aliyeliamini hilo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli yamo katika milango iliyogongwa: miongoni mwa watu wasio wagonjwa walioombwa kushiriki, ni asilimia 53 tu waliokubali, na kulikuwa na dalili kwamba waliokataa, kwa wingi wao, hawakuwa watumiaji wa simu. Kundi la kulinganishia likajaa wenye simu kuliko jamii yenyewe ilivyokuwa, na hesabu ikaigeuza simu kuwa dawa.

Kisha watafiti wakawagawa watumiaji katika mafungu kumi kwa kadiri ya saa walizozungumza maishani. Katika mafungu tisa hapakuonekana ongezeko la hatari. Katika fungu la kumi, la waliosema wamezungumza saa 1,640 au zaidi, uwezekano wa glioma ulikuwa juu kwa asilimia 40. Hii ndiyo asilimia 40 inayosafiri duniani hadi leo, na nina hakika ndiyo iliyomfikia yule mtu wa sauti ya WhatsApp, ikiwa imeshachakaa njiani. Isiyosafiri nayo ni habari kwamba ndani ya fungu hilohilo walikuwamo watu waliodai kuzungumza kwa simu zaidi ya saa 12 kwa siku, kila siku. Mtu huyo anakula saa ngapi? Anafanya kazi saa ngapi? Watafiti walipochukua kumbukumbu za kampuni za simu na kuzilinganisha na majibu ya watu, waliona kwamba watumiaji wadogo hupunguza makadirio yao na watumiaji wakubwa huyaongeza, na kwamba wagonjwa, wanapoulizwa habari za miaka ya mbali, huelekea kuongeza zaidi kuliko wasio wagonjwa.

Hawakuwa waongo. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe kichwani hukesha akitafuta chanzo, na akishakutana na jambo linaloweza kuwa chanzo, kumbukumbu zake hujipanga upya kulizunguka jambo hilo. Sihitaji kwenda Ulaya kulithibitisha hili. Uvimbe wa kaka yangu ulikuwa upande wa kulia. Baada ya mazishi, ndugu wote waliokuwa wakikaa naye walikumbuka vizuri sana kwamba alizoea kuweka simu kwenye sikio la kulia. Dada yangu aliweza hata kuonyesha namna alivyokuwa akiegemeza kichwa. Mimi nilifanya kazi naye sokoni kila likizo nilipokuwa mwanafunzi, na ninachokumbuka ni daftari. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kalamu wakati wote, akiandika magunia, bei na namba za malori. Simu aliishika kwa kushoto, sikio la kushoto, na simu ilipokuwa ndogo mno aliibana kwa bega la kushoto. Zimo picha mbili za zamani zinazoonyesha hivyo. Nilipozitoa kikaoni, mjomba mmoja alisema kwamba labda siku ya kupiga picha alibadilisha mkono.

Sasa mfikirie mtafiti mwenye dodoso, asiye na picha, anayeuliza wagonjwa elfu mbili na ushee: "Ulikuwa ukitumia sikio gani?" Swali hilo liliulizwa kweli, na wagonjwa wengi walitaja upande wenye uvimbe. Kama simu ndiyo iliyousababisha, ndivyo tungetarajia. Kama kumbukumbu ndizo zilizopinda, ndivyo tungetarajia vilevile.

Mwezi Mei 2011 wataalamu 31 kutoka nchi 14 walikutana Lyon, wakayaweka mawimbi hayo ya redio katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Vyombo vya habari vikatangaza kana kwamba hukumu imetolewa. Makundi ya shirika hilo hupima ushahidi ulivyo imara; hayapimi ukubwa wa hatari. Dondoo la jani zima la shubiri nalo limo katika 2B. Kahawa ilikuwamo kwa miaka 25 kwa ajili ya saratani ya kibofu, ikaondolewa mwaka 2016. Na moshi wa kuni ndani ya nyumba, huu tunaouvuta tangu tukiwa mgongoni mwa mama, umo katika kundi la 2A, lililo juu ya simu kwa ngazi moja, kwamba yamkini unasababisha saratani. Sijapata kuletewa sauti ya WhatsApp inayohusu kuni.

Katika kijiji chetu wananchi waliwahi kuitisha mkutano kupinga mnara wa simu usijengwe karibu na shule. Nawaelewa, mnara unaonekana, una uzio na alama ya hatari. Lakini simu ya mkononi huongeza nguvu yake ya kurusha mawimbi inapokuwa mbali na mnara na huipunguza inapokuwa karibu. Kile kilima ambacho watu hupanda jioni kutafuta mtandao, simu ikiwa imegandamizwa sikioni na kijimstari kimoja kikiwaka, ndicho mahali kichwa kinapopata mawimbi mengi kuliko pengine popote kijijini. Mwenye hofu ya kweli angeomba mnara uje karibu, au angetumia spika na kuiweka simu mbali na kichwa, jambo lisilogharimu hata senti.

Njia ya pili ya utafiti ni ndefu na haimtegemei mgonjwa kukumbuka. Unawaandikisha watu wakiwa wazima, kisha unasubiri miaka. Denmark iliifanya kwa namna ambayo kwangu, kama mtu wa demografia, ni ya kuonea wivu. Watafiti walichukua orodha ya watu 420,095 waliojiunga na huduma ya simu za mkononi kati ya 1982 na 1995, wakaipeleka kwenye daftari la taifa la saratani, wakaangalia nani yumo katika orodha zote mbili. Hawakumgongea mtu mlango wala kumuuliza swali. Waliweza kwa sababu Denmark imekuwa ikiandika kila mgonjwa wa saratani tangu 1943, na kila mwananchi amekuwa na namba yake moja tangu 1968. Hawakuona ongezeko la uvimbe wa ubongo, hata kwa wenye simu kwa miaka mingi. Utafiti huo una kasoro yake: simu zilizoandikishwa kwa majina ya makampuni, zaidi ya laki mbili, ziliachwa nje kwa kuwa haikujulikana nani hasa anazitumia, na hao yaelekea ndio waliozungumza zaidi kuliko wote.

Uingereza wanawake 776,156 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 14, wakapatikana wenye uvimbe wa ubongo 3,268. Waliotumia simu kila siku hawakuwa na hatari zaidi ya wasioitumia, ingawa wengi wao hawakuwa wazungumzaji wakubwa. Utafiti uitwao COSMOS, wenye washiriki katika nchi kadhaa za Ulaya zikiwamo Uswidi na Uholanzi, ulikwenda mbali zaidi. Ulizitumia kumbukumbu za kampuni za simu kusahihisha makadirio ya washiriki wenyewe, ukawafuatilia watu 264,574, na mwaka 2024 ukatangaza kwamba hatari haikupanda pamoja na saa za mazungumzo. Lakini tazama ugonjwa huu ulivyo nadra: katika watu wote hao, kwa miaka saba hivi, waliopata glioma ni 149.

Wapo wanaopinga, na si haki kuwafunika. Lennart Hardell wa Uswidi na wenzake wamechapisha mara kwa mara kwamba wameona hatari kubwa kwa watumiaji wa muda mrefu. Nchini Marekani, panya waliowekwa katika mawimbi saa tisa kwa siku kwa miaka miwili walipata uvimbe, hasa wa moyo, lakini madume tu. Na madume hao, kwa mshangao wa wengi, waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa na mawimbi. Tena kuna suala la fedha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 wa tafiti 59 ulionyesha kwamba zile zilizogharamiwa na sekta ya simu pekee ndizo zilizokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutangaza kuwa zimeona athari. Kwa mtu aliyesoma historia ya kampuni za tumbaku, hilo si la kupuuza hata kidogo.

Kinachonielemeza upande mmoja ni hesabu iliyo rahisi kuliko zote. Kama hatari aliyoitaja Hardell ingekuwa ya kweli, basi nchi zilizojaa simu tangu miaka ya 1990 na zenye madaftari mazuri zingekuwa zimeona glioma ikipanda kama maji ya masika. Nchi za Nordiki hazikuona hivyo. Marekani hawakuona hivyo. Mwaka 2024 uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani ulipitia tafiti 63 kutoka nchi 22 za kati ya 1994 na 2022, ukahitimisha kwamba hakuna uhusiano ulioonekana kati ya simu na saratani za ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi au zaidi. Uhakika wa hitimisho hilo waliuita wa wastani, na neno hilo nalipenda kwa uungwana wake. Kama ningetakiwa kuapa, ningeapa kwamba simu za kaka yangu hazikumuua, na ningeapa nikijua kwamba sayansi haitoi kiapo.

Katika madaftari hayo yote sisi hatumo. Nchi 13 za Interphone zilikuwa Ulaya, Kanada, Israeli, Japani, Australia na New Zealand. Hatukubaguliwa, hatukuwa na cha kupeleka. Kampala wana daftari la saratani lililoanza mwaka 1954, mojawapo ya makongwe barani, nalo linahudumia eneo la jiji na viunga vyake. Kwetu Tanzania sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, hadi mmoja wa mwisho, lakini wanapoanza kufa mmojammoja hesabu hutuponyoka. Uvimbe wa ubongo hauonekani kwa macho wala kwa kupapasa. Usipopigwa CT-Scan au MRI huna uvimbe. Una kichwa tu.

Kaka yangu alikuwa na "kichwa tu" kwa miezi minane. Alitibiwa malaria mara nne, taifodi mara mbili, akanunuliwa miwani, akaambiwa apunguze mawazo. Kipimo kilipatikana katika hospitali iliyo mbali kwa siku nzima ya basi, baada ya ukoo kuchanga. Glioma kali huua hata Stockholm, na sina uhakika kwamba kupimwa mapema kungemponya. Lakini kufikia siku ya picha ile alikuwa amepoteza maneno. Alikuwa akinitazama, anataka kusema jambo, anatoa jina la mji au la gari. Mtu aliyeandika kila gunia kwa miaka ishirini hakuandika wosia. Miezi minane kabla angeweza kuuandika kwa dakika tano, na leo pasingekuwa na mtu wa kuhesabu simu za shemeji.

Niliyaeleza haya yote kikaoni, na Denmark yake na panya wake. Walinisikiliza kwa heshima. Dada yangu alisema kwamba wasomi hawakosi maneno. Tulipotoka nje shemeji alinivuta pembeni akasema, "Shemeji, nakushukuru. Lakini mimi hao Wadenmark siwahitaji. Nahitaji hati ya shamba." Wiki iliyofuata tulikwenda mahakama ya mwanzo kufungua shauri la mirathi.

Shauri hilo halifunguliwi bila cheti cha kifo, na ndipo nilipokiona cha kaka yangu kwa mara ya kwanza. Majibu ya kipimo yalikuwa kabatini, lakini alifia nyumbani, na taarifa ilitolewa na aliyekuwa karibu na ofisi siku ile. Mahali pa chanzo cha kifo pameandikwa kwa mkono safi kabisa: kuumwa kichwa.